Masika Mavyaa Alipoiacha Mashine

Jumatatu, 7 Aprili

Daftari hili nimepewa leo na nesi Nyamvula, wala si la kuandika maisha yangu. Ni la kuandika maji. Mavyaa wangu, Bi Kulthum, mama wa mume wangu, figo zake zote mbili hazifanyi kazi, na kila Jumatatu na Alhamisi nampeleka hospitali akasafishwe damu kwa mashine, muda wa saa nne kila mara. Baina ya mashine na mashine haruhusiwi zaidi ya glasi mbili za maji kwa siku. Mimi, mkaza mwana, ndiye askari wa glasi hizo.

Leo: glasi mbili, na ya tatu aliniibia nilipokuwa kwenye cherehani. Uzito umezidi kwa kilo tatu. Kwa kuwa kurasa ni nyingi na hasira ninazo, nitaandika na mengine.

Alhamisi, 10 Aprili

Mashine. Mvua ya kwanza ya masika, na barabara yetu ya Mishomoroni imegeuka mto. Tuktuk ikazimika karibu na msikiti. Mimi na dereva tukashuka kusukuma, mavyaa amekaa ndani anatoa amri: "Nadira, sukuma kwa bega, si kwa vidole!" Mwanamke ana miaka sabini na moja, mguu mmoja umekatwa kwa sukari, macho yanaona vivuli tu, na bado ananifunza kusukuma tuktuk.

Jumamosi, 12 Aprili

Glasi mbili. Hakuiba.

Jumatatu, 14 Aprili

Mashine. Niseme ukweli, huyu mama sikumpenda nilipoolewa. Alikuwa mpishi wa harusi, na Kisauni nzima hakuna walima mkubwa uliopikwa bila yeye. Sufuria kumi za biriani, wanawake thelathini chini yake, na asiyekata kitunguu vile atakavyo hurudishwa kwao. Nami alinirudisha, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mbele ya watu. Sikusahau.

Leo nimemwona kwa jicho jingine. Kiti cha pili huketi Baya, dereva wa lori kutoka Miritini, ana miaka arobaini na moja, naye figo zimemwisha kwa presha. Wawili hawa hupiga soga tangu mashine iwashwe hadi izimwe. Baya alikuwa amesoma kitu kwenye simu.

"Mama, huko Ulaya mtu akichoka na ugonjwa, daktari amdunga sindano, kwisha. Hulali tena hapa unanyonywa damu."

"Na wewe waitaka hiyo sindano?"

"Jumatatu naitaka. Jumanne siitaki. Jumanne wanangu huja kunikalia mapajani."

Mavyaa akacheka mpaka mashine ikapiga kelele, nesi akaja mbio. Alipotulia akasema, "Mimi siitaki siku yoyote. Sindano ni kumchagulia Mungu siku. Lakini Baya, hata hii mashine, mara nyingine naona kama twambishia." Nikadhani ni maneno tu ya kupitisha saa.

Jumatano, 16 Aprili

Nimembadilishia shuka mara tano. Mvua haikatiki, hakuna kinachokauka, nguo za wateja zimelala hazijashonwa. Nimechoka. Mungu anisamehe, leo nimetamani yaishe. Sikujiuliza yaishe vipi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mashine. Presha ilishuka, akazirai. Alipozinduka aliuliza kama nimekula.

Jumatatu, 21 Aprili

Mashine. Glasi mbili na kipande cha barafu.

Alhamisi, 24 Aprili

Mpira uliotiwa shingoni mwake, ambao damu hupitia kwenda mashineni na kurudi, umeanza kuziba. Ni wa tatu huo. Alitetemeka kwa baridi saa nzima, meno yakigongana, nami nimemlalia juu ya blanketi. Daktari akasema mishipa ya shingo imekwisha, mpira mwingine itabidi utiwe pajani.

"Mguu mmoja mshauchukua," mavyaa akamwambia. "Huu uliobaki mwauacha."

Daktari akacheka. Mimi pia nikacheka, mpaka nilipomtazama uso.

Jumapili, 27 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Baada ya sala ya alasiri mavyaa alituita chumbani, mimi na mume wangu Sufyan, ambaye ndiye mtoto wake pekee aliye hai. Sufyan ni karani kwenye yadi ya makontena, Changamwe. Mtu mpole, hupanga hata viatu vyake kwa safu. Mavyaa aliniamuru nimtandikie shuka safi, nimfunge leso nzuri, nitie kahawa. Nikajua pana jambo, kwa sababu hivi ndivyo alivyokuwa akifanya wenye harusi walipokuja kumweleza idadi ya wageni.

"Nimepika maisha yangu yote," akasema. "Kujua kutia motoni, kila mtu ajua. Kazi ni kujua kuepua. Ukiacha sufuria motoni kwa kuwa wageni hawajafika, huwapi chakula, wawapa makoko. Mimi nshaiva, Sufyan. Mpira wa pajani sitautia. Huu wa shingoni ukikataa, mashine basi. Nitakaa hapa kitandani kwangu mpaka Mwenyezi Mungu anipeleke."

Sufyan hakunyanyua kikombe chake. Mvua ikapiga juu ya mabati.

"Mama, huko ni kujiua."

"Ugonjwa ndio utakaoniua, mwanangu. Mimi sichukui kisu, sichukui sumu. Najitoa mashineni, sijitoi roho."

"Nikikubali nitakuwa nimekuua mimi."

"Sikukuomba ukubali. Nimekuomba radhi. Kama nilikukosea nisamehe, na uniache niende na moyo mweupe."

Sufyan akasimama, akatoka. Alisahau hata viatu, alitembea pekupeku ndani ya mvua mpaka barabarani.

Kwetu mtoto ndiye anayetafuta radhi ya mama. Kumwona mama akiiomba kwa mtoto ni kitu kizito. Na Sufyan ana hadithi yake: bibi yake mzaa baba alikaa wiki nzima anavuta pumzi za mwisho, mpaka mwanawe alipofika kutoka Tanga akamwambia, "Nimekusamehe, nenda." Akafa hapo hapo. Sufyan alikuwa na miaka minane, alisimama mlangoni akaona. Tangu hapo anaamini neno hilo ni kamba, na mwenye kuishika ndiye mwenye kuiachia.

Jumatatu, 28 Aprili

Mashine. Mpira ulipitisha damu nusu nusu. "Nakuja bado," alimwambia nesi Nyamvula. "Kuna mtu wangu namngoja."

Jumatano, 30 Aprili

Sufyan alimleta Ustadh Stambuli wa madrasa, ili amkataze mama yake. Nilikaa nyuma ya pazia, na sioni haya kusema nilisikiliza kila neno.

Ustadh alimuuliza maswali mengi. Anaumwa wapi, daktari amesema nini, mashine itamponya au itamchelewesha? Mavyaa akamjibu moja moja, bila kujihurumia. Mwisho Ustadh akasema, "Kujiua ni haramu, na kumwomba daktari akuue ni haramu, hapo hapana mjadala. Lakini dawa isiyo na yakini ya kuponya, wanavyuoni wengi hawakumlazimisha mgonjwa. Bi Kulthum hakatai uhai. Anakataa mateso ya tiba."

"Basi wewe nawe uko upande wake," Sufyan akasema.

"Siko upande, mwanangu. Umeniuliza, nimekujibu. Ungetaka jibu lako ungebaki nalo nyumbani."

Alhamisi, 1 Mei

Mashine. Baya amesikia, naye amekasirika kuliko sote. Alimgeuzia mavyaa mgongo saa tatu nzima, kisha akashindwa. "Mama, wanivunja moyo. Ukiondoka wewe, mimi nikae hapa na nani? Na mimi si nitafuata?"

Mavyaa alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akampata. "Sikiza. Wewe una watoto wa mapajani, na madaktari wanasema waweza kupata figo ya ndugu yako. Kaa hapo mpaka mashine ichoke, wewe hujachoka. Ole wako nisikie dereva mzima amemfuata kikongwe. Langu ni langu, halikutoshi wewe."

Baya akalia waziwazi. Nami nikageuka nikajifanya nasoma tangazo ukutani.

Jumatatu, 5 Mei

Mashine, na mpira ukaziba kabla ya nusu saa. Wakausukuma kwa dawa ukafunguka kidogo.

Jioni, nikiwa nampaka mafuta mgongoni, akaniuliza, "Lile daftari waandika nini humo? Nasikia kalamu, na maji ya glasi mbili hayaandikwi kwa muda wote huo." Nikacheka. "Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Ya tuktuk akacheka. Ya kitunguu akasema, "Ulikuwa ukikata vinene." Nikafika tarehe kumi na sita nikaipita.

"Umeruka."

"Sikuruka, mavyaa."

"Pumzi yako imeruka. Soma."

Nikasoma. Nimechoka, nimetamani yaishe. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie na daftari langu.

Nikamwambia yote, kwa kuwa nilikuwa nimeshavuliwa nguo. Kwamba kila nikimtetea kwa Sufyan, nikisema ni haki yake, kuna sauti inaniuliza: Nadira, unatetea haki yake au unatetea usingizi wako? Na kwamba sijui jibu.

Akageuka akanielekea. "Mwanangu, ungeniambia hujachoka ningekuona mwongo. Mimi mwenyewe nilimuuguza mavyaa wangu miaka minne, nikamtamani afe kila Ijumaa." Akanishika kidole. "Wewe ungenishauri niache mashine, ningekutilia shaka. Hukunishauri. Nilianza mimi. Na bado nakupa ruhusa: siku yoyote ukiona naacha kwa kuwa nawahurumia nyinyi, niambie, nitarudi mashineni kesho yake."

Nikamuuliza, "Je, watuhurumia?"

"Nawahurumia, ndiyo. Lakini si sababu. Sababu ni kwamba siku mbili katika wiki mimi ni mgonjwa wa mashine, siku nne nangoja mashine, yabaki siku moja niwe Kulthum. Nataka siku zangu zote, hata zikiwa kumi."

Miaka kumi na miwili nimeishi na mwanamke huyu, na leo ndipo nilipomjua.

Alhamisi, 8 Mei

Mashine ya mwisho. Mpira ulikataa kabisa. Daktari akaingia na karatasi, akamuuliza leo ni siku gani, yuko wapi, nini kitatokea asiposafishwa damu. Akajibu yote, na la mwisho akalijibu vizuri kuliko daktari alivyomweleza: sumu itapanda, nitalala zaidi na zaidi, pumzi itakuwa nzito, kisha basi. Nesi Nyamvula, aliyezaliwa Kaloleni na ana sauti ya kubembeleza, akamwambia, "Mgonjwa mwenye akili timamu ana haki ya kukataa tiba, Mama. Na hatutakutupa. Nitakuja nyumbani." Mavyaa akatia kidole gumba karatasini.

Baya alimpa mkono.

Sufyan hakuja. Amechukua zamu mbili kazini. Arudipo husimama nje ya pazia la chumba, hutoa shikamoo, huitikiwa marahaba, na huyo ameondoka. Hataki kukaa aombwe tena.

Ijumaa, 9 Mei

Sasa hakuna glasi mbili. Nimempa maji mpaka akasema basi, na nikaona uso wake ukikunjuka kama wa mtoto. Kisha akasema, "Nadira, nataka dafu."

Nikasimama pale pale. Dafu ndicho kitu cha kwanza alichokatazwa na nesi Nyamvula, kabla ya ndizi, kabla ya parachichi. Kwa mtu asiye na figo dafu linaweza kuusimamisha moyo. Nikamuuliza wazi, maana baada ya Jumatatu hatufichani: "Unalitaka kwa kiu au kwa kufa?"

"Kwa kiu. Nimeliota miaka miwili."

Nikasema sawa, nikaenda mpaka kwa muuzaji, nikalichagua. Nikarudi nalo nimelikumbatia. Mlangoni nikasimama. Nilifikiri: nikimnywesha kwa mkono wangu, na moyo ukasimama mbele yangu, nitasema nilimpa kinywaji au nitasema nilimuua? Yeye anajua nia yake. Mimi yangu, baada ya ile tarehe kumi na sita, naijua kweli?

Akasikia nimesimama. "Una shaka."

"Ninayo, mavyaa."

"Basi liweke. Mimi nitakuwa nshakwenda, wewe utabaki nalo kifuani miaka arobaini. Dafu gani lina thamani hiyo? Nipe maji."

Akanywa maji. Hakulitaja tena. Nimekaa jikoni nimelia, kwa sababu nimemnyima mtu kitu kidogo alichokitamani miaka miwili, na yeye ndiye aliyenituliza.

Jumamosi, 10 Mei

Anapanga kufa kama alivyokuwa akipanga walima. Amenipa majina arobaini na mawili, niwaite kwa zamu, wanawake asubuhi, wanaume alasiri, na kila mmoja asizidi dakika kumi. Anawaomba radhi na wao wanamwomba yake.

Bi Kafedha, aliyekuwa msaidizi wake mkubwa, akakiri kwamba mwaka ule wa harusi ya Frere Town ni yeye aliyeunguza mchele akamsingizia mwingine. "Najua," mavyaa akamwambia. "Nilinusa mkono wako." Wakacheka hao wazee, wakapigana kwa leso. Nimesikia watu wakisema kifo kinanuka. Chumba hiki leo kilinuka udi na kahawa.

Binti yangu Fatma, wa darasa la nne, akamuuliza, "Nyanya, kufa kunauma?"

"Sijui, sijafa bado. Na nikijua sitaweza kuja kukwambia, kwa hivyo usiningoje."

Jumapili, 11 Mei

Mamdogo Mwanakombo, mdogo wake mavyaa, amepiga simu kutoka Lamu, ambako yeye mwenyewe ni mgonjwa wa goti. Amenitukana mimi. Kwamba nimemtoa dada yake mashineni nipate nyumba. Mavyaa akaitaka simu, akamwambia, "Mwanakombo, mkaza mwanangu huyu ni mtoto wangu. Ukitaka kutukana, nitukane mimi nijibu." Mwanakombo akakata.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Analala zaidi.

Jumatano, 14 Mei

Pumzi zimekuwa fupi, mabega yanapanda na kushuka, mdomo wazi. Nesi Nyamvula alikuja amevua viatu, suruali imelowa mpaka magotini. Alileta chupa ya dawa na bomba dogo la kupimia. Aliponieleza kwamba ni mofini, nikamrudishia chupa.

"Nikikosea kipimo?"

"Hutakosea, nimekuwekea alama. Dawa hii ni ya kupunguza dhiki, dada, si ya kupunguza siku. Angetaka ya kupunguza siku nisingeweza kumpa, wala sheria hainiruhusu, wala moyo wangu. Lakini kumwacha ahangaike hivi na dawa ipo, huko nako si kumcha Mungu."

Nikampa hadi kwenye alama. Baada ya muda mabega yakatulia. Akafungua macho, akauliza Sufyan yuko wapi.

Ijumaa, 16 Mei

Leo nimemkabili mume wangu. Alikuwa varandani anafunga kamba za viatu, anataka kurudi kazini baada ya sala.

"Mama yako anakuulizia mara kumi kwa siku."

"Najua."

"Basi ingia!"

"Nikiingia ataniomba lile neno." Akaendelea kufunga kamba iliyokwisha fungwa. "Nisiposema, hatoki. Si unaona? Siku nane sasa, daktari alisema pengine wiki. Bado yupo. Mimi ndiye niliyemshika, Nadira."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Mtu mzima, ana miaka arobaini na mitatu, amesimama nje ya mlango wa mama yake siku nane, anadhani ukimya wake ndio unaompa uhai. Na niliogopa kumwambia hapana, maana nani ajuaye?

Nikaenda kumweleza mavyaa. Alikuwa macho. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie radhi abaki nayo. Siidai tena. Mimi mato yangu hayamwoni, mtoto wangu namjua kwa mkono. Mwambie nataka kumshika tu."

Jumamosi, 17 Mei

Ameingia. Alfajiri hakwenda kazini, alikaa varandani mpaka jua likatoka, na saa tatu akaliinua pazia. Akapiga magoti kando ya kitanda. Mavyaa akampapasa uso wote, paji, pua, masikio, ndevu. "Umekonda," akasema. Hakumwomba kitu. Alimuuliza kama makontena yamepata mvua.

Sufyan ndiye aliyevunjika. "Mama, nimekuachia. Huna kosa kwangu hata moja. Nenda kwa radhi, mimi niko radhi." Kisha akamshika mikono yote miwili, akafumba macho, akangoja. Nami nikangoja. Nilikuwa na Yasini mkononi nimeshaifungua, ile sura asomewayo anayekata roho.

Mavyaa akavuta pumzi. Akavuta nyingine.

"Wangoja nini?" akamuuliza.

Sufyan akafumbua macho.

"Ulidhani neno lako ndilo lililonifunga?" Sauti ilikuwa ndogo lakini ni ile ile ya kuwarudisha wakata vitunguu. "Mwanangu, wewe si Mungu. Wewe ni Sufyan. Nipe uji."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka na machozi yanatiririka. Sufyan hakucheka. Alikuwa anakitazama kitanda, mito, chupa ya dawa, kile kiti nilichokalia mimi tangu tarehe nane. "Siku tisa, Mama," akasema. "Nimekuacha siku tisa." Akalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, hata siku ya kumzika baba yake.

"Basi lete uji," mavyaa akasema. "Hizi zilizobaki usizilie."

Akaenda akaupika mwenyewe. Ulikuwa na madonge. Mavyaa akala vijiko vitatu na hakusema neno juu ya madonge, na kwa Bi Kulthum hayo ni mapenzi makubwa kupita radhi.

Jumapili, 18 Mei

Sufyan hatoki chumbani. Amejifunza kumgeuza, kumpaka mafuta, kupima dawa mpaka kwenye alama.

Jumatatu, 19 Mei

Analala. Mara moja alifumbua macho akaita "Baya," akauliza kama amekwenda mashineni. Nikampigia Baya. Amekwenda.

Jumanne, 20 Mei

Maji kwa pamba, midomoni tu. Ni Sufyan anayempa.

Jumatano, 21 Mei

Saa nne unusu asubuhi. Sufyan alikuwa anamsomea, mimi nilikuwa namfuta miguu, ule mmoja na kigutu cha mwingine. Pumzi ikaja, nyingine ikachelewa, ikaja, kisha haikuja. Hakuhangaika. Tulimzika baada ya alasiri, ndani ya manyunyu, na watu walikuwa wengi mpaka barabara ikafungwa.

Nimejiuliza tangu asubuhi kama nilitamani hivi. Sikutamani. Natamani nirudi niwe askari wa glasi.

Jumamosi, 24 Mei

Mamdogo Mwanakombo amefika kutoka Lamu, na goti lake, siku ya mwisho ya matanga. Nyumba imejaa wanawake, jamvini hapana pa kuweka mguu. Sufyan akaitwa aje amwamkie. Akaingia, akainama, "Shikamoo, mamdogo." Yeye hakuitikia. Alisema kwa sauti, makusudi, kila mtu asikie:

"Dada yangu alikuwa na mashine. Mmemtoa mashineni akafa. Mlimuua."

Mimi nilikuwa mlangoni na birika la kahawa, nikaona macho yote yakimtafuta Sufyan. Nilimjua mume wangu. Wiki nne zilizopita maneno haya yalikuwa yake, na ni mtu wa kuona haya mbele za watu. Nilijua atanyamaza au atatoka.

Hakutoka. Akaketi chini, pale pale kati ya wanawake, jambo ambalo wanaume wetu hawalifanyi matangani.

"Hakutolewa, mamdogo. Alitoka mwenyewe na akili zake. Mimi ndiye niliyesema maneno hayo unayoyasema, nikayasema mbele yake, kisha nikajificha. Siku tisa mama yangu alikuwa akifa humu ndani, nami nilikuwa nje ya pazia hilo, nikijiita mwana mwema. Nilikuwa naye siku tano tu." Akakohoa, akainua mkono akanionyesha mimi. "Ukitaka kujua alikufaje, usiniulize mimi. Muulize Nadira. Yeye alikuwapo zote."

Wanawake wote wakageuka. Mamdogo Mwanakombo pia akageuka, midomo inamtetemeka, na nikaona kwamba hakuja kugombana. Alikuja kuuliza, na hakujua namna.

Nikaliweka birika chini. Nikaenda nikakaa mbele yake, nikamshika goti lile bovu, nikaanza kumweleza.